Mwizi ni Yule Pale!

Nimechoka kuitwa mwizi na wezi. Ningekuwa naitwa mwizi na mtu mwadilifu ningevumilia, pengine hata ningejirekebisha. Lakini waadilifu hapa Daraja Mbili hawana muda wa kumwita mtu chochote. Wananunua mboga zao za chinsaga, wanalipa, wanaenda zao nyumbani kupika. Wanaopiga kelele ni wale wengine. Aliye na mengi ya kuficha ndiye hunyoosha kidole wa kwanza, na kidole chenyewe hutetemeka kwa uchungu wa haki.

Kwa asiyepajua, Daraja Mbili ni soko la wazi mjini Kisii, na siku zake kubwa ni Jumatatu na Alhamisi. Siku hizo huja mikungu ya ndizi, parachichi kwa magunia, managu, miwa, omena kutoka ziwani, kuku waliofungwa miguu, mahubiri kwa kipaza sauti, na dawa ya meno inayotibu pia mgongo. Nami niko hapo na rundo langu la makoti ya mitumba. Kisii ni mji wa milimani, mvua ya alasiri haiombi ruhusa, kwa hivyo mwuza makoti hakosi riziki. Nikisimama nyuma ya rundo naona na kusikia yote. Mimi si mmbea. Umbea nawaachia wale wa nguo za watoto walio mkabala nami, ambao hawana kazi ila kutazama nani amesimama na nani. Juzi mmoja wao alisimama na yule kijana wa viatu karibu nusu saa nzima, na hakuna kiatu kilichonunuliwa.

Jirani yangu wa mkono wa kulia anauza mahindi na maharagwe. Mama huyu haamini noti ya mtu. Ukimpa elfu moja, anaiinua juani, anaigeuza, anaipapasa kwa kidole gumba, anaikunja pembe, anaiinua tena. Kisha anamwita mwuza vitunguu aje aione kwa macho yake. "Siku hizi watu hawamwogopi Mungu," anasema, na mwenzake anaitikia amina. Uchunguzi huo ukiendelea, gorogoro lake la kupimia limekaa chini, kimya.

Nimelitazama gorogoro hilo kwa karibu. Ni mkebe wa kilo mbili ulioanza maisha ukiwa na mafuta ya kupikia, rangi imebambuka ubavuni. Kitako chake kimegongwa kutoka nje mpaka kimeinuka ndani na kufanya kilima, na alama za nyundo bado zinaonekana, zimezunguka moja baada ya nyingine, kazi ya fundi mwenye subira. Lakini mteja haoni kitako, anaona mdomo. Mama anajaza hadi mdomoni, anapigapiga ukingo kwa kiganja, kisha anaongeza konzi moja juu mpaka maharagwe yanaporomoka kurudi guniani. Mteja anatabasamu: ameongezewa! Alichoongezewa juu kilishachukuliwa chini, na faida bado imebaki.

Alhamisi moja mzee mwenye kofia ya pama akalipindua.

"Mama, hiki kitako vipi?"

"Lilianguka, omogaka."

"Likaangukia nyundo?"

Mama akanyamaza kidogo. Halafu akapaza sauti iliyofika hadi kwa wauza kuku: "Nyinyi ndio mnaotuletea noti bandia hapa! Jumatatu nilipewa mia tano ya karatasi tupu!" Ghafla macho yote yakahama kutoka kwenye gorogoro hadi kwenye mifuko ya mzee. Mwuza vitunguu akakumbuka kwamba naye aliwahi kupewa noti mbaya na mtu mwenye kofia. Mzee wa watu akalipa, akachukua maharagwe yake pungufu, akaondoka akijipapasa mfukoni kuhakikisha kwamba yeye mwenyewe si tapeli. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, ilikuwepo nchini siku hiyo, ila haikuwepo sokoni.

Mimi tatizo langu ni tofauti kabisa. Mteja wa makoti ndiye mwongo namba moja katika Gusii nzima. Anakuja na elfu mbili mfukoni, anakuambia ana mia tatu tu na nauli ya kurudi Nyamira. Ndiyo sababu bei ya kwanza huitamka juu kidogo, maana huwezi kumpa bei ya kweli mtu aliyekuja kukudanganya. Na koti la fagia, yaani la mabaki, likishapigwa pasi likanyooka, sioni dhambi gani iko katika kuliita kamera, yaani la daraja la kwanza. Hiyo ni lugha ya biashara. Mambo ya nyundo ni wizi.

Nina mpwa wangu anayesoma saikolojia chuo kikuu. Likizo zikifika hunisaidia kukunja makoti, na malipo yake ni kunihubiria masomo ambayo nimemlipia karo. Nilipomsimulia kisa cha gorogoro alifurahi sana, akaacha kukunja.

"Mjomba, hilo lina wenyewe. Freud alimwandikia rafiki yake Fliess habari zake tangu mwaka wa 1895. Bintiye, Anna Freud, akaliorodhesha mwaka wa 1936 pamoja na hila nyingine za nafsi za kujikinga. Mtu ana jambo ndani yake ambalo hawezi kulivumilia. Hawezi kulitupa, hawezi kulikubali. Basi anamtwika mtu mwingine, kisha analikemea huko kwa nguvu zake zote."

Nikamwambia wahenga walimaliza somo hilo bila karo: nyani haoni kundule.

"Hapana, mjomba. Nyani haoni, basi. Huyu wa Freud analiona kundu vizuri sana, ila anaapa ni la mwenzake."

Nililazimika kukubali kwamba karo haikupotea yote.

Akaendelea. Mwaka wa 1977, Lee Ross na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani waliwaomba wanafunzi wazunguke chuoni wamevaa ubao mkubwa wa tangazo. Wengine walikubali, wengine wakakataa katakata. Kisha wakaulizwa: unadhani wenzako wengi wangefanya nini? Waliokubali walisema wengi wangekubali. Waliokataa walisema wengi wangekataa. Kila mmoja alikipima chuo kizima kwa gorogoro lake mwenyewe.

Hiyo ni hali ya kawaida, akasema, na haina ubaya mkubwa. Ubaya unaanza pale mtu anapolikana gorogoro. Mwaka wa 1997 Leonard Newman na wenzake walifanya jaribio jingine: watu waliambiwa wana tabia fulani mbaya, wakaombwa wasiifikirie kabisa. Walipoonyeshwa video ya mtu wasiyemjua, tabia ile ile waliyokuwa wakiisukuma mbali ndiyo waliyoiona kwake. Kumbe kujizuia kuliwaza jambo ndiko kunakolifanya likujie machoni kila uendako. Yule mama wa maharagwe usiku kucha halifikirii gorogoro lake. Ndiyo maana mchana haoni kitu ila matapeli.

Niliyapeleka mafunzo hayo nyumbani jioni ile, nikamweleza mke wangu wakati wa chakula. Akasikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama mimi nimewahi kujitazama. Nikamwambia ni jambo la kushangaza kwamba yeye ndiye ameuliza swali hilo, kwa sababu linamhusu yeye moja kwa moja. Akaondoa sahani yangu kabla sijamaliza. Nilirudi sokoni kesho yake nikiwa na hakika zaidi kwamba Freud alijua anachosema.

Na kama kuna nyumba ambayo Freud angehamia na godoro lake, ni ya shemeji yangu. Huyu amemwoa dada yangu mdogo, anaendesha matatu ya Kisii na Keroka, na ana wivu wa kupasua mabati. Kila jioni, kabla hata hajavua viatu, anataka simu ya mkewe. Anakagua majina moja moja. Huyu fundi ni fundi wa nini? Huyu mwalimu anafundisha nani? Huyu "Mama Mboga", mbona sauti yake nzito? Dada yangu ameshafuta nusu ya ukoo wetu kwenye simu kwa ajili ya amani. Mimi mwenyewe nimehifadhiwa kwa jina la "Kaka Makoti, ni ndugu kabisa".

Shemeji mwenyewe ana laini mbili. Ile ya pili hulala ndani ya soksi. Katika laini hiyo kuna namba moja iliyoandikwa "Sacco Mikopo", na Sacco hiyo ina huduma bora nchini, kwani humpigia mwanachama wake saa tano za usiku kumwuliza kama amekula.

Mwaka jana alimshtaki mkewe mbele ya wazee. Tukaketi nyumbani kwao, chai ikamiminwa, yeye akasimama. Alizungumza kwa uchungu mkubwa kuhusu uaminifu katika ndoa. Alieleza kwa undani jinsi wanawake wa siku hizi wanavyoficha: wanabadilisha majina kwenye simu, wanaweka namba ya mtu wakaiita ya kampuni, wanaenda kupokea simu nje wakisingizia mtandao. Mzee mmoja akaninong'oneza, "Huyu kijana amejifunzia wapi yote hayo?" Kabla sijajibu, soksi ikalia.

Nyumba nzima ikatulia. Soksi ikalia tena. Mzee wa kikao, mtu wa makamo na mwenye heshima, mzee wa kanisa la Wasabato, akasema kwa upole: "Pokea, mura. Pengine mkopo umepita."

Hakupokea. Alisema laini ile aliwekewa na mkewe ili kumharibia jina. Alisema hivyo machozi yakimlengalenga, na nawaapia, aliyaamini maneno yake. Hapo ndipo penye kufunza. Mwongo wa kawaida anajua kwamba anadanganya, na ukimbana atacheka. Huyu amekwisha kuhama kutoka kwenye kosa lake, amelipangisha kwa mtu mwingine, na sasa anadai kodi. Freud aliandika makala mwaka wa 1922 kuhusu wivu wa aina hii: chanzo chake ni usaliti wa mwenye wivu mwenyewe, au ule anaoutamani na kuukandamiza. Angekuja kwenye kikao kile angekunywa chai tu, kazi ilikuwa imekwisha.

Tulicheka sana siku ile, na dada yangu pia alicheka. Lakini si kila mahali mambo haya huishia kwa chai.

Mnaijua hila ya kijana aliyepora simu kwenye msongamano wa magari. Yeye ndiye hukimbia mbele kabisa akipiga kelele, "Mwizi! Mwizi ni yule pale!" Kundi linageuka kufuata kidole chake. Yeye anapunguza mwendo, anarudi nyuma, anapotelea kwenye mikungu ya ndizi, na mtu aliyekuwa akikimbilia matatu tu kwa sababu ya mvua anajikuta amezungukwa na watu walioshika mawe. Kijana yule walau anajua afanyalo. Wale walioshika mawe ndio wanaonitia hofu, kwa sababu wengi wao siku hiyo walikuwa wamepunja, wameghushi, wamekopa bila kulipa, na sasa wamepata mtu mmoja wa kuwabebea yote.

Hapa kwetu Gusii tunalijua hilo kuliko tunavyopenda kukiri. Mei 2008, katika kijiji cha Nyakeo, watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto hadi kufa kwa madai ya uchawi. Oktoba 2021, vikongwe wanne waliuawa huko Marani kwa madai hayo hayo. Hakukuwa na shahidi, hakukuwa na kielelezo, hakukuwa na kesi. Ukiketi na wazee wenye akili watakuambia ukiona ajuza amegeuka mchawi ghafla, uliza kwanza shamba lake limepakana na la nani. Mtu anamtamania mjane kipande chake cha ardhi, anamwombea afe, halafu anatoka nje na kutangaza kwamba mjane ndiye mwenye kijicho, mjane ndiye anayetaka watu wafe.

Mwanaanthropolojia Robert LeVine, Mmarekani aliyefanya utafiti hapa Gusii katika miaka ya 1950, alichapisha mwaka wa 1962 makala akiwalinganisha Wagusii, Waluo na Wakipsigis. Aliona kwamba shutuma za uchawi ziliongezeka kadiri wake wenza walivyoishi karibu karibu. Mchawi hakutafutwa mbali ng'ambo ya mto. Alitafutwa kwa yule uliyemwonea wivu kila asubuhi akitoka kukamua ng'ombe. Kwa hiyo msinidanganye kwamba mambo haya ni ya vitabu vya Wazungu. Tumeyazika haya kwa mikono yetu.

Sasa tupande jukwaani, maana mtu akitaka kura za Kisii na Nyamira ni lazima apite Daraja Mbili, asimame juu ya gari, na kunizuia nisiuze.

Wanasiasa hawa nimewasikiliza wengi nikiwa nyuma ya rundo langu, na hotuba ni ile ile. Kwanza, mpinzani wake anahonga watu. Akisema hivyo, vijana wenye fulana za rangi yake wanapita katikati yetu wakigawa mia mbili mbili zilizokunjwa. Pili, mpinzani wake anaigawa jamii kwa koo. Kisha anahesabu kwa vidole: Bobasi wamekula, Bonchari wamekula, Kitutu wamekula, je, Nyaribari tuko wapi? Tatu, mpinzani wake ataiba kura, na njia zote atakazotumia anazijua, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio. Nikimsikiliza namkumbuka shemeji na somo lake la majina ya simu.

Msinione nawaonea. Twendeni kwenye kumbukumbu. Desemba 2007, baada ya uchaguzi mkuu, chama cha PNU kilisema chama cha ODM kimeiba kura. ODM nacho kikasema PNU kimeiba kura. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, marehemu Samuel Kivuitu, aliyemtangaza mshindi, baadaye akasema hajui nani alishinda. Ikaundwa tume chini ya Jaji Johann Kriegler kutoka Afrika Kusini, nayo ikatoa ripoti yake Septemba 2008. Iligundua nini? Kwamba uchafu ulifanyika pande zote, kila chama katika ngome yake, na matokeo yaliharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda urais. Hii ndiyo ripoti ya kuchekesha kuliko zote ambazo serikali imewahi kuzilipia: ilithibitisha kwamba kila upande ulikuwa umesema kweli kuhusu mwenzake.

Kicheko kinakauka ukifungua ile ripoti nyingine, ya Tume ya Jaji Philip Waki ya Oktoba 2008. Humo wamo watu 1,133 waliokufa katika ghasia za baada ya uchaguzi huo. Mpaka wetu wa Borabu na Sotik uliwaka pia, nyumba zikateketea huku na huku, na hadi leo ukiuliza nani alianza, kila mmoja anaonyesha ng'ambo.

Mwaka wa 2017 tulipata heshima ya pekee. Tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, mwana wa Nyamira, ilifuta uchaguzi wa urais kwa kura nne za majaji dhidi ya mbili. Mahakama ilikuwa imeagiza tume ya uchaguzi ifungue mitambo yake ikaguliwe, na tume haikutii kikamilifu. Rais Uhuru Kenyatta akasema anaheshimu uamuzi, kisha alasiri hiyo hiyo, akiwa katika soko la Burma jijini Nairobi, akawaita majaji wakora. Yaani aliyekuwa amefutiwa ushindi kwa sababu ya kasoro za uchaguzi ndiye aliyewaona waliozifichua kuwa ndio wahuni. Hapa kwetu, siku hiyo Maraga alikuwa mtoto wa kila mtu. Hata mama wa maharagwe alisema amesoma naye, jambo ambalo umri wake hauliruhusu.

Lakini upande wa pili nao msiuvike mabawa. Mwaka wa 2013 mahakama hiyo hiyo ilitupa kesi ya marehemu Raila Odinga, na wafuasi wake wakaiona imeoza. Mwaka wa 2017 ikamkubalia, wakaiona nguzo ya taifa. Tarehe 5 Septemba 2022 ikaikataa tena kesi yake, majaji wote saba kwa kauli moja, ikaoza upya. Na William Ruto, aliyekuwa naibu katika kambi iliyonung'unikia mahakama mwaka wa 2017, ndiye aliyeshinda kesi ya 2022, na watu wake wakaimba sifa za uhuru wa majaji. Jengo ni lile lile, Katiba ni ile ile, waimbaji walibadilishana karatasi za nyimbo tu.

Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno yasiyofaa kutumiwa katika kampeni, "madoadoa" likiwemo. Hapa sokoni ilishangiliwa na kambi zote mbili. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba orodha imeandikiwa wale wengine. Na majuzi Bunge la Kaunti ya Nyamira liligawanyika makundi mawili, kila moja na spika wake, kila moja likiapa kwamba lile jingine ndilo haramu. Mlipa kodi wa Nyamira, aliyetaka barabara tu, akapata maspika wawili.

Sasa, kuna hatari hapa, na mpwa wangu alinitahadharisha nayo mapema. Shemeji amekwisha kulisikia somo hili, na sasa analitumia. Ukimwuliza kuhusu Sacco anajibu, "Hayo ni yako, unanitwika mimi." Mwanasiasa naye akiulizwa fedha za zahanati zimekwenda wapi, anasema anayeuliza ndiye mwizi. Maradhi yamegeuzwa ngao. Tukifika huko hakuna atakayemshtaki mtu yeyote, na wezi halisi watakula wali kwa kuku.

Kwa hiyo tuseme wazi. Si kila anayeshtaki anajisema mwenyewe. Yule mzee wa kofia alishtaki, na alikuwa sahihi. Tofauti yake na mama wa maharagwe haikuwa sauti, kwani sauti yake ilikuwa ndogo mno. Tofauti ni kwamba yeye alilipindua gorogoro watu wakaona kitako, na mama hakutoa hata hiyo noti ya karatasi tupu tuione. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hapandi juu ya gari wala hatokwi na povu. Hutoa majedwali. Maraga hakumwita mtu mkora. Aliagiza mitambo ifunguliwe. Mwenye shtaka la kweli hukukabidhi kitu ukishike mkononi, hata kama yeye mwenyewe ana makosa yake mengine kumi. Asiye na kitu hukupa uchungu wake, na uchungu huo mara nyingi ndio ushahidi, ila unamhusu yeye.

Mimi nimejiwekea kanuni. Mtu akija kwenye rundo langu na kuanza kunieleza kwamba wauza makoti wote ni matapeli, simjibu. Natazama mikono yake tu, maana najua aliye na mawazo hayo anatafuta nafasi ya kutoka na koti bila kulipa. Mke wangu anasema huenda mteja huyo aliuziwa fagia na mtu. Mke wangu ana tabia ya kuwadhania watu mabaya, sijui ameitoa wapi.

Nanyi wateja wangu wa Kisii na Nyamira, tarehe 10 Agosti 2027 tutapiga kura. Kabla ya hapo watapita hapa wote, juu ya magari, kila mmoja akituambia mwenzake ataiba. Msiwapigie makofi, msiwazomee, na zaidi ya yote msiokote mawe kwa niaba yao. Waulizeni ushahidi uko wapi, na asiye nao ashuke garini tuendelee kuuza. Siku yenyewe ikifika, matokeo ya urais ya kila kituo huandikwa katika Fomu 34A na kubandikwa pale pale kituoni. Mwaka wa 2022 fomu hizo, kutoka vituo zaidi ya 46,000, ziliwekwa pia kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, IEBC, na yeyote mwenye simu na kikokotoo aliweza kujumlisha mwenyewe. Nenda kituoni kwako, isome fomu, uipige picha, uilinganishe na itakayotangazwa. Zikitofautiana, piga kelele hadi mahakamani. Zikilingana, nyamaza, hata kama mtu wako ameshindwa.